Wali wa Siku ya Tatu

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, na tundu la kitasa bado lipo. Ukikaa ovyo linakukumbusha. Kushoto kibanda cha fundi baiskeli, kulia mashine ya kusaga, katikati jiko la muuza kahawa. Hapo ndipo dunia hutengenezwa kila asubuhi, na ikifika saa nne huwa imeshaharibika tena. Lakini asubuhi hiyo mashine ilikuwa kimya, wiki ya tatu sasa, na mashine ya kusaga ikinyamaza, jamani, hata mtoto anayenyonya anajua maana yake. Mashambani mahindi yalikuwa yamefika magotini yakagoma hapo hapo, manjano, yamejikunja, na chini yake gugu limechanua maua ya zambarau utadhani kuna harusi. Kiduha hicho. Hakipandwi, hakipaliliwi, kinanyonya mizizi ya mahindi chini kwa chini, na ukikiona juu ujue kimeshashiba.

— Feki, alisema Kinu, mwenye mashine. Ile dawa ya kijiti ilikuwa feki. Mimi nilisema.

— Ulisema lini wewe? Siku tulipoletewa ulikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

— Nilinyoosha mkono kuuliza swali.

— Swali gani?

— Kama ni feki.

Aliyekuwa akimbana ni Injinia, fundi baiskeli, aliyepata cheo hicho kwa kufungua redio ya mtu miaka kumi iliyopita. Redio haijasema neno tangu siku hiyo, lakini cheo kimebaki. Pembeni yake alikaa Mstaafu, karani wa mahakama aliyemaliza utumishi na asiyemaliza kuvaa tai. Methali zake huzipiga kama alivyokuwa akipiga mihuri, popote penye nafasi.

Na aliyekuwa akiwamiminia ni Chemsha.

Huyu Chemsha, ukimwona, mtu mpole, mkimya, mikono imebabuka kwa mvuke. Alichemsha kila kitu. Maji, vikombe, vijiko, kitambaa cha kufutia vikombe. Watu walimtania kwamba akipata mafua huichemsha leso ikiwa mfukoni. Alicheka nao, lakini sababu anayo. Mama yake alikufa kwa tumbo la kuhara, yeye akiwa na miaka minne, na dada yake, ambaye naye alikuwa mtoto tu, akambeba mgongoni na kumlea hadi akawa mtu. Tangu hapo Chemsha hakiamini kitu ambacho hakijapita motoni. Ndiyo maana kikundi chao cha wakulima kilipotafuta mtu wa kupika wali wa ile dawa ya kijiti, hakuna aliyebisha. Nani mwingine? Sufuria kubwa anayo, jiko analo, na usafi wake hauna mfano.

Maana msimu huu walikuwa wamepewa tumaini, na tumaini lenyewe lilikuwa kijiti cha kuchokolea meno. Bwana shamba alileta pakiti moja kutoka maabara. Akawaambia kwenye kijiti hiki kuna mdudu asiyeonekana kwa macho, na kazi yake ni moja tu: kukiambukiza kiduha ugonjwa. Mahindi hayagusi, mtu hamgusi. Pikeni wali, bila chumvi, bila mafuta. Upoe. Chomekeni kijiti, funikeni, tikiseni kila siku. Siku ya tatu gawaneni, na kila shimo la mahindi litiwe mbegu na wali kidogo wa kushika kwa vidole viwili. Gugu likianza kuota tu, linaugua linakufa. Injinia siku ile alipiga makofi. "Gugu nalo liugue, lione tunavyojisikia!"

Kaya kumi na mbili zilipanda kwa wali wa Chemsha. Kumi na mbili.

— Tatizo si feki, alisema Injinia. Tatizo ni ugeni. Yule mdudu kazaliwa maabara, ndani ya kichupa, kwenye ubaridi. Unamtoa huko unamtupa shambani kwetu, juani, hajui njia, hajui mtu. Atamkamata nani? Wewe ukishushwa usiku kwenye mji usioujua, utakwenda kupigana?

— Sitakwenda, alikiri Kinu.

— Haya.

— Wahenga hawakukosea, alisema Mstaafu, akairekebisha tai. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mdudu kaja, kiduha kapona.

— Hiyo si maana yake, mzee.

— Kapona hajapona?

Injinia alitazama upande wa mashamba. Ilikuwa kweli. Kilikuwa kimepona hasa.

— Mimi naona walielewana, alisema Kinu. Mdudu na gugu. Walikutana huko chini, wakakaa, wakaongea. Bwana, mimi nimetumwa nikuue. Na wewe ukiniua utakula nini kesho? Wakagawana.

— Wagawane nini?

— Mahindi yangu!

Walicheka kidogo, kicheko cha watu wasiokuwa na akiba. Chemsha alimimina tena. Birika lilikuwa jepesi mkononi. Siku hizi alipika nusu, kwa sababu wanywaji walikuwa nusu.

— Hapana, subirini, Injinia alirudi, na sauti imeshapanda. Akipata wazo jipya huwa hakai vizuri. Tuliambiwa nini? Tutikise. Si tuliambiwa tutikise kila siku? Chemsha, ulitikisa?

— Nilitikisa. Asubuhi na jioni.

— Umesikia? Sufuria ilitikiswa. Sasa shamba nani kalitikisa? Mdudu amezoea kutikiswa siku tatu, unamzika kwenye udongo uliotulia tuli, si amelala! Lilitakiwa lori lipite pale kila siku. Lori zito.

— Mashine yangu ingetosha, alisema Kinu. Inatikisa mpaka meno.

— Ndiyo! Na mashine imezimwa!

— Imezimwa kwa sababu hakuna mahindi.

— Na mahindi hayapo kwa sababu imezimwa. Umeona mzunguko ulivyo?

— Mtaka cha uvunguni sharti ainame, alisema Mstaafu kwa huzuni. Kiduha kainama, kapata. Sisi tumesimama wima na majembe.

— Mzee, leo umeamkia upande gani?

— Na kikulacho ki nguoni mwako.

— Sasa nguo imeingiaje? Mahindi yanavaa nguo?

Chemsha alicheka na wenzake, ila hiyo ya nguoni ilimgusa mahali. Hakujua kwa nini. Au alijua, akapageuzia kisogo.

Alikuwa na siri, na siri yenyewe kwa muda wote huo alikuwa akiihesabu kuwa wema. Siku ya tatu, alfajiri, alifunua wali ule na moyo ukamruka. Juu umeota manyoya meupe, chini una wekundu wa kuchukiza, na harufu kama ya nguo zilizosahaulika majini. Umeoza! Wali wa kaya kumi na mbili, umeoza mikononi mwake, yeye ambaye watu wanamwamini kuliko wanavyojiamini wenyewe. Kisha akafanya anachokijua. Aliuosha kwa maji matatu, akautia kwenye maji ya moto, akauchemsha, akarudia mara ya pili, akauchuja, akautandaza juu ya kitambaa safi, na vijiti navyo akavichemsha akavirudisha mahali pake. Jua lilipotoka wali ulikuwa mweupe pepepe. Watu walipokuja na mikebe yao walimsifu. Dada yake alinusa akasema, "Mdogo wangu, huu hata mgonjwa angekula." Na yeye akashukuru Mungu kwa kumwepusha na aibu.

— Lakini hebu, alisema Kinu, akikuna kidevu. Yule bwana shamba si alikuwa anaeleza kitu mwishoni? Siku ya tatu mtaona... Mtaona nini?

— Hakumaliza.

— Kwa nini hakumaliza?

Wote walimgeukia Mstaafu.

— Nilitoa neno la shukrani, alisema Mstaafu. Mgeni hashukuriwi?

— Nusu saa, mzee! alisema Injinia. Ulianzia ulipoajiriwa!

— Na wewe ulipinga nisiwe katibu, ikaongezeka nusu nyingine. Mtu wa watu alitazama saa, akapanda pikipiki yake. Ningemshika miguu?

— Kesho yake tungemuuliza. Alikuwa amepanga chumba pale nyuma ya mashine.

— Ungemuuliza wewe.

— Nilijua utamuuliza wewe.

Na wiki moja baada ya kupanda, bwana shamba alihamishwa. Hakuna aliyemuuliza. Chemsha alisimama na birika mkononi. Siku ya tatu mtaona. Akajisemesha moyoni: mtaona wali umelainika, labda. Mtaona wali umekauka. Mbona kuna mengi ya kuona.

Hapo ndipo dada yake alipotokea, amekumbatia tita la kiduha alilong'oa, mikono yote udongo. Dada Mkubwa, kila mtu alimwita hivyo, hata Mstaafu anayemzidi miaka ishirini. Alilitupa tita chini mbele ya benchi, na maua yale ya zambarau yakatawanyika miguuni mwao.

— Habari za hapa.

— Salama tu, Dada. Shikamoo. Pole na kazi.

— Marahaba. Nimeshapoa. Nimeng'oa tangu alfajiri, nimemaliza mistari sita. Imebaki arobaini na ushei.

Alikaa juu ya tofali, si kwenye benchi. Chemsha alimpa kahawa kwa mikono miwili.

— Shemeji yako kaleta habari, alimwambia. Kesho anakuja na mashahidi wawili.

Benchi zima lilijua habari ya shemeji. Tangu mume wa Dada afe, mdogo wa marehemu alilitaka shamba. Mwanzo wa msimu alisema mbele ya watu: nakupa msimu huu mmoja, shamba likitoa, kaa, lisipotoa, ardhi ya ndugu yangu inarudi kwetu, siwezi kuiacha ilee magugu. Ndiyo maana Dada alipanda mbegu yake yote, hadi ya akiba, na kila shimo akatia wali kwa vidole viwili, amepiga magoti, siku nne.

— Aone nini sasa? Dada aliendelea, sauti imechoka tu, haina hata hasira. Atasimama pale ukingoni aone maua. Atasema si nilisema.

— Tutakuja kukusemea, alisema Injinia.

— Mtasema nini?

— Kwamba mdudu alihitaji lori...

Dada alimtazama hadi maneno yakamwishia.

— Niende wapi mimi, jamani? Nina miaka hamsini na mitatu. Nikaanze kulala sebuleni kwa mtu?

— Kwangu, alisema Chemsha haraka.

— Kwako chumba kimoja, na mkeo, na watoto watatu. Acha, mdogo wangu. Wewe ulifanya lako. Nilipojua ni wewe unapika nililala usingizi. Nilisema angalau kwa mkono huu sitaharibikiwa.

Ee, mtu asikie maneno hayo akiwa na siri tumboni. Chemsha aliinama kwenye jiko akawa anachochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa.

Pikipiki ilisimama. Akashuka mama mmoja wa makamo, buti za mpira, mkoba umevimba makaratasi, kofia ya pikipiki imemwachia alama kipajini. Aliwaamkia, akasema yeye ndiye bibi shamba mpya, ndiyo kwanza wiki ya pili, na kwenye faili amekuta kuna kikundi hapa kilipewa vijiti.

— Ndicho sisi, alisema Mstaafu, akainuka na tai yake. Mheshimiwa, kwa niaba ya...

— Kaa, mzee! walisema wote.

Akakaa. Bibi shamba aliokota shina moja la kiduha toka kwenye tita, akaligeuza, akakwaruza bua kwa kucha, akatazama mzizi. Hakuonekana kufurahi.

— Hili halijaugua kabisa. Hata doa. Mlipanda na wali?

— Kila shimo.

— Mliupoza kabla ya kuchomeka vijiti?

— Ulipoa usiku kucha, alisema Chemsha. Sauti yake mwenyewe aliisikia kama inatokea jirani.

— Vizuri. Alitoa daftari na kalamu. Na siku ya tatu, ukungu ulikuwa wa rangi gani?

Walitazamana.

— Ukungu upi, mama?

— Ulioota juu ya wali. Mweupe, mwekundu, wa rangi gani?

— Aa, mama! Injinia alicheka, akamshika Chemsha bega kwa fahari. Sisi hapa hatuna mambo ya ukungu. Huyu unayemwona ndiye alipika. Wali ulitoka mweupe, msafi, hauna hata nukta. Ungetamani mboga!

— Mweupe, alisema Kinu. Mimi shahidi.

Bibi shamba aliifunika kalamu taratibu.

— Ule ukungu ndio dawa, alisema. Ndiye mdudu mwenyewe. Kwenye kijiti haonekani, akila wali anakua, anaota manyoya meupe, siku ya tatu mnamwona. Kama hamkuona ukungu, basi mlipanda mahindi na wali mtupu. Sielewi. Vijiti vilivyotoka maabara pamoja na vyenu nimeviangalia kwa vikundi vingine, vyote vimeota.

Mahali fulani barabarani kengele ya baiskeli ililia, na Injinia, ambaye huwa hawezi kuisikia kengele asitoe kasoro yake, hakugeuka.

— Ulikuwepo, alisema Chemsha.

— Nini?

— Ukungu. Ulikuwepo. Manyoya meupe, chini wekundu. Umejaa sufuria nzima, haukuacha mahali. Nilidhani umeoza. Alilitua birika chini. Niliuchemsha.

Kinu, ambaye akili yake huchelewa lakini hufika, aliuliza:

— Mara moja?

— Mara mbili.

— Na vijiti?

— Na vijiti.

Mstaafu alifungua kinywa kutafuta methali. Hakuipata, akakifunga.

— Mama, Injinia alimgeukia bibi shamba, na sauti yake haikuwa ya Injinia tena, ilikuwa ya mtu mwenye watoto watano. Tukipata vijiti vingine leo? Tupike leo?

— Inakwenda na mbegu, shimoni, siku ya kupanda. Sasa gugu limeshaunganisha mizizi yake na ya mahindi. Hata ukiliua leo, mahindi yameshapata yaliyoyapata. Msimu ujao. Kwa sasa ng'oeni kabla halijamwaga mbegu. Shina moja lina mbegu maelfu, ndogo kama vumbi, na zikiingia kwenye udongo zinakaa miaka, zinasubiri.

— Miaka mingapi?

— Mingi kuliko subira yenu, alisema, kisha akaona haya kwa jibu hilo. Samahani. Mingi, ndugu yangu.

Aliandika namba yake kwenye kipande cha karatasi, akakiweka juu ya benchi, akakikandamiza na kikombe kitupu. Akasema pole. Akaondoka, maana alikuwa na vikundi vingine vitatu kabla ya mchana.

Hapo walibaki wenyewe. Hakuna aliyemtukana Chemsha. Angetukanwa, pengine angepumua. Kinu aliinuka, akaenda kusimama mlangoni kwa mashine yake, akashika mkono wa kuwashia, akauachia. Injinia alianza kupindua baiskeli ambayo haikuwa na ubovu. Mstaafu ndiye alisema, na alisema kwa sauti ndogo, bila muhuri:

— Shukrani zile. Ningekuwa nimezifupisha.

Dada Mkubwa alikuwa bado juu ya tofali. Kikombe alikishika kwa viganja viwili, kahawa imepoa humo ndani.

— Dada, alisema Chemsha. Alipiga magoti kabisa pale chini, katikati ya maua. Dada yangu, nisamehe. Niliona aibu. Nilidhani mmeniamini nikawaozeshea.

— Ulipouona ule ukungu, mbona hukuniita?

Kutoka jikoni kwake hadi mlangoni kwa dada yake ni hatua arobaini. Amezitembea tangu mtoto, gizani, mvuani, kwa homa, kwa njaa, kwa kuomba chumvi. Na bwana shamba alikuwa amelala pale nyuma ya mashine, siku ile angali hapo. Kugonga tu.

— Ungeniita, alisema Dada. Tungekwenda wawili tukamuuliza bwana shamba mwenyewe.

— Nikumiminie ya moto, alisema Chemsha, kwa sababu hakuwa na kingine cha kutoa duniani. Aliinua birika, akalipindua. Likatoka tone moja na machicha.

Dada alikitazama kikombe chake, akakinywa kilivyo, baridi, hadi mwisho. Akainuka, akajifuta udongo kwenye kanga, akamshika mdogo wake mkono kumwinua, kama alivyomwinua mara ngapi tangu akiwa na miaka minne.

— Haya, liache hilo jiko. Njoo tukang'oe. Imebaki mistari arobaini na ushei, na jua ndilo hilo. Shemeji akija kesho kulichukua shamba, akute japo pasafi.